Namba Ambazo Odette Hakuzipima

Nianze kwa kusema wazi kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, sikuwa nimekunywa kitu wala sikuwa na homa, nilikuwa mzima wa afya nimevaa suti yangu ya kijivu niliyoishona kwa mkono wangu, na bado nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikipita Kamukuzi pale Mbarara nahama upande wa barabara ili nisiuone mlango wa ule ukumbi.

Wengi hapa kambi ya wakimbizi Nakivale mnanijua kama fundi Bahati wa mtaa wa Base Camp, yule wa sare za shule, lakini kule Uvira kabla hatujakimbia nilikuwa mwalimu wa fizikia, na mtu aliyewahi kuitwa mwalimu, hata ukimpa cherehani, ile sauti ya kusimama mbele ya ubao haimtoki. Kwa hiyo waliposema kuna wanafizikia wanakuja kambini kuwanoa wanafunzi, na wanatafuta mtu anayejua fizikia, Kiswahili na Kiingereza awe msaidizi na mkalimani wao, mimi nilikuwa wa kwanza kufika na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Wakanichukua. Wakanipa kadi ya kuvaa shingoni yenye picha yangu, na ile kadi (nacheka, lakini ni kweli) niliivaa mpaka sokoni, mpaka kanisani, mke wangu akaniuliza kama na kulala nitalala nayo.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wanafizikia hao wanatumia likizo yao ya kiangazi (kwao kiangazi, kwetu ni mwezi wa nane na vumbi lake) kukaa na wanafunzi wa kambini na wa Mbarara mjini wiki nne, kila mwanafunzi anapewa swali lake la kupima, halafu mwishoni wote wanakutana Mbarara na kila mmoja anaeleza mbele ya watu alichokipata, na wawili watakaofanya vizuri zaidi wanapelekwa Ureno kukaa mwezi mzima kwenye maabara pamoja na wanafunzi wa nchi nyingine, na wa huko nao wanakuja huku. Kiongozi wao alikuwa Daktari Marta, mama mmoja wa Ureno, mfupi, mwenye kofia ya majani, anayeuliza maswali kama mtoto wa miaka minne. Upande wa Uganda alikuwepo Daktari Tumusiime, mwanafizikia mpole asiyeongea sana, na Kiswahili kwake kilikuwa cha kusalimia tu.

Mimi nilikabidhiwa wanafunzi watano, na kati yao alikuwemo Odette.

Odette alikuwa Mrundi wa Kabazana, mtaa mwingine wa kambi, binti wa miaka kumi na saba, mama yake analima mahindi na maharage. Alikuwa hajamaliza hata miaka miwili tangu aingie Uganda, shule ya kwao alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo Kiingereza alikuwa anakisoma na kukiandika polepole kwa kamusi, ila kukisema mdomo ulikuwa unamkauka, na nasi akizungumza kwa Kiswahili. Alikuwa mtoto wa maneno machache na daftari kubwa. Swali lake lilikuwa kupima nguvu ambayo dunia inavutia vitu hapa Nakivale, na njia aliyopewa ni ile ya zamani: unafunga jiwe kwenye kamba, unaining'iniza kamba juu ya mti au boriti, unaacha jiwe lipembee, unahesabu sekunde, unapima urefu wa kamba, halafu unapiga hesabu. Wote tuliosoma shule tunakumbuka jibu la kitabuni, tisa nukta nane moja, liko kichwani kama jina la baba.

Sasa kamba inapimwa kwa kitu, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Siku ya kwanza vifaa vilikuwa vimechelewa njiani, watoto wamekaa wananiangalia, nikatoa mfukoni tepu yangu ya kushonea nikampa Odette, nikasema tumia hii, imepima viuno vya kambi nzima. Watoto wakacheka na mimi nikajisikia mtu wa maana.

Odette akapima wiki mbili. Akapata tisa nukta nne sufuri. Akarudia, tisa nukta nne sufuri. Nikamwambia ahesabu sekunde vizuri, akahesabu upya kwa simu tatu tofauti, jibu ni lile lile. Wiki ya mwisho akawa kimya kabisa, anaandika tu, na nilipomuuliza kama amerekebisha aliniambia amemaliza, kila kitu kipo kwenye bango, na angependa watu wasikie kwa mara ya kwanza siku ya Mbarara. Nikaona basi, mtoto ana mambo yake, na mimi nilikuwa na wengine wanne wa kuwaangalia (na sare za shule mbili za kumaliza, tuseme ukweli). Sikusoma alichoandika. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, ila hilo peke yake lingesameheka.

Siku yenyewe basi lilituchukua asubuhi, tukafika Mbarara mapema, wanafunzi wakapelekwa ukumbini Kamukuzi kunywa chai, na mimi nikatumwa mtaa wa Kakoba na flashi yenye mabango ya watoto ili yachapwe kwenye karatasi kubwa. Duka la kuchapa lilikuwa la mama mmoja Mwislamu aitwaye Hadija, mtu wa haraka, vidole vyake kwenye kompyuta huvioni. Mabango manne yakatoka vizuri. La tano likafunguka kwenye kioo, la Odette, na mimi nikaliona kwa mara ya kwanza: juu kabisa, kwa maandishi makubwa mekundu, 9.40, na chini yake, kwa Kiingereza chake cha kamusi, maneno ambayo nikiyarudisha Kiswahili yanasema, "Jibu langu si sahihi, na sababu ni tepu ya mwalimu."

Jamani, nilisoma mstari huo mmoja tu. Chini yake kulikuwa na maelezo marefu na mchoro wa tepu mbili, sikuyagusa, macho yalikuwa yameganda kwenye neno mwalimu. Nikawaza ukumbi mzima, wageni, wazazi, Daktari Marta, wote wanasoma kwamba Bahati wa Uvira ametoa tepu mbovu. Nikajiambia mtoto huyu hajui, anajiharibia, nani atampeleka Ureno mtu anayeandika kwa wino mwekundu kwamba amekosea? Nikajiambia namsaidia. Ni ajabu mtu anavyoweza kujidanganya akiwa amesimama dukani saa tatu asubuhi.

Nikamwambia Hadija abadilishe hiyo namba ya juu tu, aweke 9.81. Akabadilisha, halafu akageuka akaniangalia. "Mwalimu, juu umesema hivi, na jedwali hapa chini inasema ingine," akasema. "Hii haikubali."

Alikuwa sahihi. Basi nikavuta stuli, nikaanza kurudi nyuma na hesabu, nikapunguza sekunde hapa na pale, palipokuwa na arobaini na moja nikaweka arobaini, mpaka jedwali likakubali. Likakubali jedwali, grafu ikakataa, nukta za Odette zilikuwa zimetawanyika kidogo kama nukta za mtu aliyepima kweli, nikamwelekeza Hadija azipange upya zikae juu ya mstari, zikapangika kama askari kwenye gwaride. Sasa yale maelezo ya tepu yakawa hayana maana tena, nikayafuta yote, na mchoro nikaufuta. Pakabaki nafasi nyeupe kubwa katikati ya bango. Hadija akauliza pale tuweke nini, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa picha kutoka kwenye simu yangu. Picha yangu. Nimesimama chini ya mti nikiinyooshea kidole kamba.

Nilifika Kamukuzi mbio, wameshaanza. Nikabandika mabango moja moja kadiri wanafunzi walivyoitwa, na la Odette nikalibandika nyuma yake yeye akiwa tayari amesimama anawaangalia watu, kwa hiyo hakuliona. Ukumbi ulikuwa umejaa: wafanyabiashara wa mjini ambao watoto wao walikuwa kwenye mpango, walimu, masista wawili wa Kikatoliki waliokuja na Warundi wenzao, na safu nzima ya watu wa kambi ya jeshi ya Makenke, kwa sababu binti wa sajini mmoja wa pale naye alikuwa anashindana.

Odette akaanza kwa Kiswahili, sauti ndogo lakini imenyooka, na mimi pembeni nageuza kwa Kiingereza. Akasema yeye ni nani, akasema alipima nini. Halafu akasema, "Jibu la kwanza nililopata lilinishangaza," akageuka na fimbo yake kuonyesha ile namba nyekundu.

Niliona fimbo ikishuka kutoka kwenye namba mpaka kwenye jedwali, kutoka kwenye jedwali mpaka kwenye grafu, ikaja ikasimama kwenye kifua changu pale kwenye picha. Kisha akaniangalia mimi mwenyewe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umebadilishwa.

Daktari Marta, hajui kitu, akanyanyua mkono, akauliza kwa upole kabisa. Alisema amefundisha jambo hili miaka mingi na hajawahi kuona nukta zilizokaa juu ya mstari bila hata moja kupotea, na tena hii 9.81 ni ya vitabu vya kwao, huku karibu na ikweta na juu ya vilima dunia inavuta kidogo chini ya hapo, kwa hiyo angependa kujua kama Odette alizipima hizi namba yeye mwenyewe.

(Hapo nikajua kitu ambacho mwalimu wa fizikia alitakiwa akijue tangu zamani, kwamba hata uongo wangu nilikuwa nimeukosea.)

Nikamgeuzia Odette swali. Akajibu polepole, akitazama mbele.

"Hizi namba si zangu. Zangu zilikuwa mbaya, na nilieleza kwa nini ni mbaya. Sijui nani ameziondoa."

Sasa ndugu zangu, nafasi ya kujiokoa nilipewa, ililetwa mpaka mdomoni. Ningesema tu alichosema. Badala yake nikasikia sauti yangu, nzuri, ya ubaoni, ikimwambia Daktari Marta kwa Kiingereza kwamba Odette anashukuru kwa swali, na anasema alipima kwa uvumilivu mkubwa.

Daktari Marta akaandika kitu kwenye karatasi yake. Daktari Tumusiime akaitikia kwa kichwa taratibu. Lakini ukumbini kukaanza kunguruma, kwa sababu mimi katika akili zangu nilikuwa nimesahau kwamba Kiswahili si siri yangu na Odette, nusu ya waliokaa pale walikuwa wanakisikia kama wanavyosikia adhana au kengele. Na kwenye ile safu ya Makenke akasimama sajini, baba wa mshindani, mtu ambaye kwa haki ya kibinadamu angefaidika kwa kukaa kimya.

"Mwalimu," akasema, wala hakupaza sauti, "mimi fizikia sijui, lakini Kiswahili najua. Huyu mtoto hakusema hivyo. Sema vile amesema."

Daktari Marta akauliza yule baba anasema nini, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumjibu, mkalimani ni mimi. Nikafungua mdomo. Nikageuza maneno ya sajini kwa Kiingereza, neno kwa neno. Halafu nikageuza ya Odette. Daktari Tumusiime akauliza, kama si yeye, ni nani aliyebadilisha. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba ni mimi, asubuhi hii, Kakoba, bila yeye kujua. Suti ilikuwa imelowa mgongo mzima. Nikadhani nimemaliza, lakini Odette alikuwa ananivuta mkono wa koti, hakuwa amefuata Kiingereza cha haraka, akaniuliza nimewaambia nini. Ikabidi nirudie kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, nikimtazama machoni mtoto niliyekuwa namfundisha kupima vizuri, kwamba mwizi wa namba zake ni mimi.

Alisema, "Sawa, Mwalimu." Basi.

Daktari Marta akainuka, akabandua bango, akaligeuza upande mweupe, akampa Odette kalamu ya wino mzito na kumwambia aeleze ya kwake. Na mimi nikageuza, safari hii kila neno. Odette akachora tepu mbili sambamba. Akaeleza kwamba jibu lilipokataa kubadilika mara zote hizo, alijua kosa haliko kwenye kuhesabu kwake, kwa sababu mtu anayehesabu vibaya hukosea tofauti kila mara, na hili lilikuwa kosa moja lisilochoka. Akaenda kwa seremala wa Kabazana, akaomba tepu yake ya chuma, akailaza kando ya ile ya kushonea, akakuta kwamba tepu ya mwalimu imevutika kwa miaka ya kazi, inaposema mita moja ni mita moja na sentimita nne. Akarudia hesabu kwa urefu wa kweli. Akapata 9.78. Daktari Marta alikuwa ameinama mbele kwenye kiti kama mtu anayeangalia mpira, akasema hilo ndilo jibu la fasi hii, mahali hapa hasa, na kwamba kulitafuta kosa mpaka ulipate ndiyo kazi wanayoifanya wao kila siku. Watu wakapiga makofi, sajini akapiga akiwa amesimama.

Ningependa kuishia hapo. Lakini dakika za Odette zilikuwa zimeisha katikati ya maelezo, na alama za kazi ya maandishi zilikuwa nyingi, na Daktari Tumusiime alinieleza baadaye kwa upole (afadhali angenitukana) kwamba hawakuweza kulipatia alama bango ambalo mwenyewe amesema si lake, na lile lake halisi halikuwepo, kwani hata kwenye flashi nilikuwa nimelifunika na langu. Daktari Marta alibishana na majaji wenzake mezani muda mrefu, tulimwona kupitia dirisha akigonga meza. Odette akawa wa tatu. Wanaokwenda ni wawili. Binti wa sajini alikuwa mmoja wao, alistahili, na yeye ndiye aliyekuja kumkumbatia Odette.

Kwenye basi wanafunzi walimwachia nafasi dirishani. Nilikaa nyuma yake, nikaanza hotuba, kwamba niliona kama namsaidia, kwamba nilikuwa na wasiwasi, kwamba nilisoma mstari wa kwanza tu. Aliniacha nizungumze mpaka tumeanza kuiona Nakivale, halafu akageuka.

"Ungeniuliza tu, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nimeketi palepale Kamukuzi, nakunywa chai."

Kesho yake nilikwenda Kabazana kwa mama yake, kwa sababu niliona ni haki asikie kutoka kwangu. Nilimkuta anapukuchua mahindi, akanipa kigoda, nikamweleza yote, pamoja na ile picha. Alisikiliza bila kuacha kazi. Mwishoni aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto wake alidanganya mahali popote. Nikasema hapana, hata mara moja. Akasema, basi, ahsante kwa kuja, urudi salama. Nilitamani anifokee. Nilitembea kutoka pale na ile kadi ya shingoni mfukoni, na nilipofika nyumbani nikapima tepu yangu kwa rula ya chuma, na kweli, sentimita nne zote zipo, ndiyo maana wazazi wa kambi hii wamekuwa wakilalamika miaka yote kwamba sare ninazokata kwa vipimo vya orodha ya shule zinapwaya na mimi nawaambia watoto watakua.

Mwaka huu wanafizikia wamerudi. Mimi sikuomba kazi, nilikwenda kusaidia kupanga viti, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Odette alisimama kwa zamu yake, na mwalimu mwingine aliyekuwa mkalimani akasogea karibu naye, lakini yeye akamwashiria kwa mkono kwamba hapana, ahsante, akaanza kueleza mwenyewe kwa Kiingereza, kinakwaruza hapa na pale, ila ni chake, na kila swali alijibu mwenyewe. Mwanafunzi mwenzake mmoja alininong'oneza kwamba mwaka mzima alikuwa anakisoma hicho Kiingereza kila alasiri, bila kukosa. Hakusema kwa nini. Hakuhitaji kusema. Safari hii amechaguliwa, karatasi zake za kusafiria zinashughulikiwa, na mkimbizi mwenzangu anajua hilo nalo lina njia yake ndefu.

Nimeapa sitagusa tena kazi ya mtoto hata iwe na kosa la kunichoma macho, nitamwendea na kumuuliza umepataje hili, halafu nitanyamaza mpaka amalize. Wanafunzi wanaokuja kwangu sasa nawauliza kila kitu, mpaka wananichoka. Kuna swali moja tu ambalo sijaliuliza, nalo ni la Odette, kama amenisamehe. Tunasalimiana vizuri njiani, ananiita Mwalimu kama zamani, na kila mara najiandaa, na kila mara nampisha apite.